Kufunga Betri Zaidi ya Moja na Altaneta Kubwa kwa Muziki Mzito wa Gari: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi tena na tena ni hili: nimeongeza betri ya pili, nimevuta waya mnene hadi kwenye buti, mbona taa bado zinafifia kila besi ikigonga? Wengi wakikwama hapo huongeza betri ya tatu. Baada ya muda zote tatu hazishiki chaji.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Betri haizalishi umeme. Inatunza ule uliotoka kwenye altaneta, na kila ampea inayotumika lazima irudishwe na altaneta hiyohiyo, pamoja na nyongeza kidogo inayopotea njiani. Altaneta ikiwa ndogo, betri ya pili inachelewesha tatizo tu, na ya tatu inakuwa mdomo mwingine wa kulisha.

Ndiyo maana hapa tunaanza na hesabu, halafu altaneta, nyaya na fyuzi. Betri zinakuja karibu na mwisho. Mwongozo ni wa magari ya volti 12 yenye injini ya petroli au dizeli. Magari ya haibridi na ya umeme yana nyaya zenye volti za kuua, na mengi hayana altaneta ya kawaida. Hayo usiyaguse kwa maelezo haya.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kufungua boneti

- Maltimita inayosoma volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) na za AC (umeme wa kugeukageuka) hadi sehemu ya mia ya volti. Ukipata klempu mita inayopima ampea za DC, kazi itakuwa rahisi zaidi.
- Kebo ya shaba tupu ya milimita 50 za mraba, ambayo madukani huitwa pia namba 1/0.
- Lagi za shaba, yaani vichwa vya kubania kwenye ncha za kebo, zinazolingana na kebo na bolti zako, mashine ya haidroliki ya kubania lagi, na neli za kusinyaa kwa joto.
- Fyuzi za ANL, zile kubwa za kufungwa kwa bolti, na vishikio vyake.
- Betri za AGM (betri za risasi zilizozibwa, zisizo na maji ya kumwagika) kwa ajili ya nyuma, na fremu za chuma za kuzishikilia.
- Rilei ya kutenganisha betri, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ile ya kazi ya muda wote.
- Altaneta kubwa na mkanda mpya, ikiwa hesabu ya Hatua ya 1 na vipimo vya Hatua ya 2 vitaidai.
- Grometi za mpira, neli za kuvalisha waya, vibano, msasa, brashi ya waya, na grisi ya vichwa vya betri.
- Chaja ya betri, miwani ya kinga na glavu.

Neno kuhusu kebo, kwa sababu hapa ndipo watu hupunjwa sana. Kebo nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule, ukinzani wake unaizidi shaba kwa zaidi ya nusu. Chomoa uzi mmoja, ukwaruze kwa kisu, kisha uangalie ncha uliyokata. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, nayo ni nzuri kabisa. Uzito pia unasema: kebo ya alumini ni nyepesi mkononi kuliko unene wake unavyoonyesha.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya ampea

Chukua wati za RMS za amplifaya, yaani nguvu inayoweza kuitoa mfululizo. Achana na ile namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Gawanya kwa ufanisi wa amplifaya, halafu gawanya kwa volti 13.8.

Amplifaya ya daraja D ina ufanisi wa karibu 0.8. Ya daraja AB ni kama 0.55. Kwa hiyo amplifaya ya wati 2000 ya daraja D inahitaji wati 2500 kuingia, ambazo ni kama ampea 181. Ile ya daraja AB yenye wati hizohizo itataka kama ampea 263. Tofauti ya ampea 80 imetokana na aina ya amplifaya peke yake, na hiyo ni sababu tosha ya kutumia daraja D kwenye sabufa.

Hicho ni kilele. Muziki haukai kileleni muda wote, kwa hiyo wastani ni mdogo. Mimi huhesabu theluthi ya kilele kwa muziki wa kawaida, na nusu kwa anayependa besi ndefu zisizokatika.

Ongeza mahitaji ya gari lenyewe: taa, feni, pampu ya mafuta, mfumo wa injini, kiyoyozi. Weka ampea 40 hadi 60.

Kwa mfano wetu wa daraja D: nusu ya 181 ni karibu 90, jumlisha 50 za gari, unapata 140. Hizo ndizo ampea ambazo altaneta inatakiwa kuzitoa kwa utulivu wakati gari linatembea.

Umefaulu ukiwa na namba mbili kwenye karatasi: kilele, kitakachoamua unene wa kebo na fyuzi, na wastani, utakaoamua altaneta.

## Hatua ya 2: Pima altaneta uliyo nayo

Namba iliyoandikwa kwenye altaneta imepimwa ikizunguka kwa kasi kubwa. Kwenye sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, altaneta nyingi hutoa kama nusu ya hiyo namba, na ikishapata joto inapungua tena. Altaneta ya ampea 100 kwenye foleni inaweza kuwa inakupa 50, ambazo gari lenyewe linazimaliza.

Betri ikiwa imejaa na injini imepata joto, weka maltimita kwenye vichwa vya betri. Usomaji mzuri ni kati ya volti 13.8 na 14.7. Washa taa zote, feni na kiyoyozi, kisha pandisha injini hadi mizunguko 1500 au 2000. Volti zikibaki juu ya 13.5, altaneta ina nafasi.

Sasa fungulia muziki kwa sauti unayotumia kweli, ukiangalia maltimita.

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Betri ya AGM iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.8. Maana yake, mfumo ukiwa juu ya volti 13, betri haitoi chochote. Altaneta ndiyo inayobeba kila kitu. Ukiona 12.6 au 12.4 muziki ukiwa unapiga, hapo unakula akiba ya betri. Volti zikishuka kwa mpigo mmoja na kurudi juu mara moja, si tatizo. Zikishuka na kukaa chini, altaneta imezidiwa.

Tahadhari kwa magari mapya: mengi yana kompyuta inayoshusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo unaweza kusoma volti 12.8 au 13 gari likitembea huku kila kitu kikiwa sawa. Tazama kichwa hasi cha betri. Ukikuta kifaa kidogo chenye plagi na waya mwembamba, hicho ni kihisi kinachopima ampea zinazoingia na kutoka. Kikumbuke, tutakirudia kwenye Hatua ya 4.

Uamuzi: ikiwa wastani wako unazidi robo tatu ya uwezo ulioandikwa, badilisha altaneta. Altaneta inayofanya kazi kileleni saa nzima huunguza dayodi zake (vipande vinavyogeuza umeme wake wa AC kuwa DC), na hakuna kebo wala betri itakayoiokoa.

## Hatua ya 3: Funga altaneta kubwa

Muuzaji akikuambia altaneta ni ya ampea 250, muulize inatoa ngapi kwenye sailensi. Asiponipa jibu la namba, mimi sinunui. Zipo altaneta zenye namba kubwa ambazo kwenye foleni zinazidiwa na ile ya kiwandani.

Linganisha matundu ya bolti, idadi ya mifereji ya puli, plagi, na aina ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za altaneta. Gari ambalo kompyuta yake ndiyo inayosimamia chaji linahitaji altaneta inayoelewana nayo, la sivyo taa ya betri itawaka kwenye dashibodi na chaji itayumba.

Mkanda nao una hesabu yake. Ampea 250 kwa volti 14.4 ni wati 3600. Ukiongeza kinachopotea kuwa joto ndani ya altaneta, injini inatoa karibu kilowati 6, kama nguvu za farasi 8, kupitia mkanda mmoja. Mkanda wa zamani utateleza. Funga mpya, ukaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Usikubali puli ndogo kupita kiasi ili kupata ampea za sailensi, kwa kuwa kwenye barabara kuu altaneta itazunguka kupita uwezo wa beringi zake.

Onyo: kabla ya kugusa altaneta, ondoa kwanza kibano cha hasi kwenye betri. Bolti kubwa ya nyuma ya altaneta ina umeme muda wote, hata funguo zikiwa mfukoni mwako. Spana ikigusa bolti hiyo na bodi kwa pamoja, itayeyuka mkononi. Vua pete na saa.

Umefaulu ikiwa kwenye sailensi unasoma 13.8 hadi 14.7, mkanda haupigi kelele ukiwasha taa zote, na taa ya betri imezimika.

## Hatua ya 4: Ongeza nyaya tatu kubwa chini ya boneti

Nyaya za kiwandani zilipimwa kwa altaneta ya kiwandani. Ongeza hizi tatu, zote za milimita 50 za mraba, na zile za zamani uziache mahali pake:

1. Kutoka bolti ya chanya ya altaneta hadi chanya ya betri, ikiwa na fyuzi karibu na betri. Fyuzi iizidi kidogo altaneta: ampea 300 kwa altaneta ya 250.
2. Kutoka hasi ya betri hadi bodi au chasisi.
3. Kutoka kwenye injini hadi bodi au chasisi.

Watu wengi hufunga ya kwanza na kusahau mbili zilizobaki. Ampea 200 zinazotoka upande wa chanya lazima zirudi zote 200 upande wa hasi. Altaneta imefungwa kwenye injini, injini imekaa juu ya mipira, na mara nyingi inaungana na bodi kwa utepe mmoja mwembamba. Njia ya kurudi ikiwa nyembamba, unene wa njia ya kwenda haukusaidii.

Kwa magari yenye kile kihisi cha kichwa hasi, kebo mpya za hasi zifungwe upande wa bodi, baada ya kihisi. Ukizifunga moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umeme unapita bila kuhesabiwa, na kompyuta inakosea chaji.

### Lagi na arthi: sehemu ndogo inayoharibu kazi kubwa

Menya kebo kiasi kile tu kinachoingia kwenye lagi. Sukuma mpaka nyuzi zifike mwisho, kisha bana mara mbili kwa mashine ya haidroliki. Lagi iliyobanwa vizuri ina pande sita zilizo sawa, na ukiikata katikati kwa msumeno utaona shaba imeshikamana kama kipande kimoja, bila matundu. Jaribu kukata moja ya majaribio. Utajifunza mengi kuliko maelezo yoyote. Lagi iliyopigwa nyundo inaonekana nzuri kwa nje, lakini ndani nyuzi zimelala ovyo zikiwa na hewa katikati, na hapo ndipo joto huanzia. Vuta kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, kata na uanze upya.

Kwa arthi, yaani mahali hasi inapofungwa kwenye bodi, piga msasa hadi chuma king'ae, eneo pana kuliko lagi. Funga kwa bolti inayopita hadi upande wa pili, yenye washa na nati. Skrubu ya kujichonga kwenye bati jembamba haitoshi. Ukishakaza, ndipo upake grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Usitumie bolti za mkanda wa usalama wala za siti. Hizo zina kazi ya kuokoa maisha, ziache.

Umefaulu ikiwa, injini inawaka na mzigo mkubwa umewashwa, maltimita kati ya bolti ya chanya ya altaneta na chanya ya betri inasoma chini ya volti 0.2, na kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri ni chini ya 0.2 pia.

## Hatua ya 5: Vuta kebo ya nyuma na uweke fyuzi

Soma sehemu hii mara mbili. Makosa mengine yote hapa yanakugharimu muziki. Haya yanakuchomea gari.

Kebo ya shaba ya milimita 50 za mraba ina ukinzani wa karibu omu 0.0004 kwa kila mita. Kwa mita 5 na ampea 200, unapoteza volti 0.4. Kebo ya milimita 21 za mraba, namba 4, inapoteza karibu 0.9 kwa umbali huohuo. Alumini iliyopakwa shaba ya unene wa milimita 50 itapoteza zaidi ya 0.6. Volti hizo hazipotei bure; zinageuka joto ndani ya gari lako.

Fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda amplifaya. Ipo kulinda kebo. Betri ya gari ikigusishwa moja kwa moja na bodi inaweza kumwaga zaidi ya ampea elfu moja, na kebo isiyo na fyuzi inawaka kama kuni, kuanzia kapeti.

Sasa fikiria kebo yenye betri mbele na betri nyuma. Ikichubuka katikati, umeme utakuja kutoka pande zote mbili. Fyuzi moja ya mbele itakatika, lakini betri ya nyuma itaendelea kuilisha ile ajali. Kwa hiyo kila ncha ya kebo iliyounganishwa na betri lazima iwe na fyuzi yake, isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri. Ikiwa sentimita 15, bora zaidi.

Ukubwa wa fyuzi unafuata kebo: ampea 250 hadi 300 kwa shaba ya milimita 50 za mraba, na 100 hadi 150 kwa milimita 21. Ikiwa kilele chako ni ampea 400, usiweke fyuzi ya 400 kwenye kebo moja. Vuta kebo mbili zinazolingana urefu, kila moja na fyuzi zake kwenye ncha zote mbili.

Njia ya kebo iwe mbali na ekzosi, usukani, pedali, na mabomba ya mafuta na breki. Kila tundu la bati liwe na grometi, hasa lile la ukuta kati ya injini na kabini, kwa sababu mtikisiko wa miezi kadhaa hukata mpira wa kebo polepole. Nyaya za sauti kutoka kwenye redio zipite upande mwingine wa gari.

Arthi ya nyuma inaweza kuwa bodi, kama bodi ni ya chuma na imeunganishwa imara na mbele. Kwa pikapu na magari ambayo bodi imekaa juu ya chasisi kwa mipira, unganisha bodi na chasisi kwa kebo, au vuta kebo ya hasi kutoka mbele. Kwa bodi ya alumini au ya plastiki, vuta kebo ya hasi bila kujadili.

Fyuzi zote za kebo hii ziache mfukoni kwa sasa.

## Hatua ya 6: Chagua betri na uzifunge imara

Betri zinaunganishwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti zinabaki 12, uwezo unajumlishwa. Ukiziunganisha kwa mfuatano utapata volti 24 na kuunguza kila kitu chenye kompyuta.

Zinazokaa pamoja bila rilei ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Betri iliyochoka huinyonya nzima usiku kucha, na baada ya muda zote zinakuwa sawa kwa ubovu. Kuichanganya mpya na kuukuu ni kutupa pesa.

Betri ya maji isikae ndani ya kabini wala kwenye buti lililo wazi kwa abiria. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Nyuma weka AGM, na kama ina tundu la bomba la hewa, toa bomba hilo nje ya gari.

Kuhusu lithiamu ya LiFePO4: ni nyepesi na ina nguvu, lakini inavuta ampea zote ambazo altaneta inaweza kutoa, na kwenye sailensi inaweza kuiunguza. Tena sakiti yake ya ulinzi iliyo ndani ikijikata ghafla, volti za gari hupanda kwa mpigo. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya risasi, iwe ya maji au AGM. Tumia chaja ya DC kwa DC kati yao. Kwa anayefunga mara ya kwanza, ushauri wangu ni AGM.

Ngapi? Kwa wati 2000 na altaneta ya kutosha, betri ya mbele na AGM moja ya ampea-saa 80 hadi 100 nyuma inatosha. Anayetaka kupiga muziki gari likiwa limezimwa apige hesabu: betri ya 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia. Ukivuta ampea 60, hupati hata saa moja.

Betri ya kilo 25 kwenye ajali inakuwa kombora. Ifunge kwa fremu ya chuma yenye bolti zilizopita kwenye bodi, kisha itikise kwa mikono miwili. Gari litikisike, betri isisogee. Funika kichwa cha chanya.

## Hatua ya 7: Unganisha, kwa utaratibu huu tu

Kwanza chaji kila betri peke yake mpaka ijae. Ziache zipumzike usiku mmoja, kisha pima. Tofauti isizidi volti 0.1. Ukiunganisha betri ya 12.9 na ya 12.1, umeme wa makumi ya ampea utakimbilia kwenye ile ya chini kwa cheche.

Ukiwa na betri mbili au zaidi nyuma, toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho. Ukitoa zote kwenye betri moja, hiyo moja itafanya kazi kubwa na kufa kabla ya wenzake.

### Rilei ipi?

Kazi yake ni kutenganisha mbele na nyuma injini ikizimwa, ili muziki usikuache huwezi kuwasha gari. Ikae kwenye kebo ya chanya, baada ya fyuzi ya mbele, na uwezo wake uzidi fyuzi hiyo.

Rilei inayosoma volti hujifunga, yaani huunganisha betri, kwenye volti 13.3 hivi na kujifungua, yaani huzitenganisha, kwenye 12.8. Kwa mfumo mdogo inafaa sana. Kwa mfumo mzito ina kasoro: volti zikishuka kwa sababu ya besi, rilei inaachia wakati uleule unaohitaji betri zote mbili. Hapo mimi hupendelea rilei inayowashwa na waya wa swichi ya gari. Usitumie rilei ya stata, maana imetengenezwa kwa sekunde chache na itaungua. Kitenganishi cha dayodi nacho kinakula volti 0.6 hivi, kwa hiyo hakifai kwa muziki.

### Mpangilio wa mwisho

1. Hasi ya betri ya mbele iwe imeondolewa, fyuzi zote za kebo ya nyuma nje, rilei imezimwa.
2. Funga chanya ya betri ya nyuma, kisha hasi yake.
3. Rudisha hasi ya mbele.
4. Weka fyuzi ya nyuma, kisha ya mbele. Kwa kuwa rilei iko wazi, hakuna cheche.
5. Weka maltimita kwenye bolti mbili kubwa za rilei. Usomaji uwe karibu na sifuri. Ukisoma volti 25 hivi, betri moja imegeuzwa. Simama hapo hapo na urekebishe.

Kama hutumii rilei, weka fyuzi ya nyuma tu na upime kwenye kishikio kitupu cha fyuzi ya mbele.

Amplifaya zilishwe kutoka betri ya nyuma, kila moja na fyuzi yake, na arthi zake zikutane na hasi ya betri hiyo mahali pamoja.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kurudisha kapeti

Washa injini. Pima mbele, kisha nyuma. Tofauti isizidi volti 0.3 muziki ukiwa chini.

Geuza maltimita kwenye volti za AC, upime kwenye betri ya mbele. Isizidi 0.5. Ikizidi, altaneta ina dayodi mbovu, na itakuletea mluzi kwenye spika na kuua betri mapema.

Pandisha sauti taratibu huku maltimita ikiwa kwenye vichwa vya amplifaya. Gari likiwa na mizunguko 2000, lengo ni kubaki juu ya volti 13.

Baada ya nusu saa ya muziki mzito, gusa kila lagi, kishikio cha fyuzi na arthi kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Mahali ambapo mkono haukai, kiungo ni kibovu, na usikiachie siku hata moja.

Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, soma betri zote mbili. Zikiwa chini ya 12.5, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Gari lililolala linatakiwa livute chini ya miliampea 50. Mara nyingi mkosaji ni waya mwembamba wa kuwashia amplifaya, uliofungwa kwenye umeme wa moja kwa moja badala ya redio.

Baada ya wiki moja kaza bolti zote tena. Shaba mpya hulegea kidogo ikipata joto na kupoa.

## Ikishindikana, anzia hapa

Taa bado zinafifia. Pima altaneta, betri ya mbele, kisha amplifaya, muziki ukipiga. Altaneta yenyewe ikishuka, ni ndogo au mkanda unateleza. Ikibaki 14 huku amplifaya ikisoma 12, tatizo ni kebo au arthi. Usikimbilie kununua kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka: ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 13 hutoa jouli 13.5, ambazo kwa mzigo wa wati 1000 zinaisha ndani ya kama sehemu ya mia ya sekunde.

Mluzi unaopanda na injini. Angalia arthi ya amplifaya na ya redio kwanza, kisha njia ya nyaya za sauti.

Betri ya nyuma haijai. Pima pande mbili za rilei injini ikiwaka. Tofauti kubwa ina maana rilei haifungi au vidole vyake vya kuunganishia vimeungua.

Fyuzi inakatika. Usiongeze ukubwa. Fuata kebo yote kwa mkono mpaka upate palipochubuka. Pasipokuwepo, rudia hesabu ya kilele na uvute kebo ya pili.

Unashuku altaneta haichaji. Kuna mafundi wanaochomoa betri injini ikiwaka ili waone kama gari litazima. Wakatalie. Altaneta inayopoteza betri ghafla ikiwa na mzigo hurusha volti zinazoweza kupita 80 kwa muda mfupi, na muda huo unatosha kuua kompyuta ya gari na amplifaya pamoja. Maltimita inakupa jibu hilohilo bila hatari yoyote.